Rosina wa Filamu Tisa

Siku Rosina alipofungua mdomo mara ya kwanza katika ukumbi wa sinema wa Mzee Zaidi, hakuna aliyemtuma kusema. Kazi aliyopewa pale ilikuwa kufagia. Alikuwa amekwisha kupanga mabenchi, akaketi benchi la nyuma kabisa, ufagio miguuni, kama alivyozoea kila Jumapili alasiri filamu ikianza. Ulikuwa mwaka 1986, msimu wa kahawa, na ukumbi ulijaa wakulima kutoka Mapera, Litumbandyosi na vijiji vingine vya milimani, wamejikunyata ndani ya makoti, maana Mbinga mwezi wa saba si mahali pa kuvaa shati tupu. Kwenye pazia jeupe mama mmoja wa Kihindi alikuwa akimwambia mwanawe jambo huku analia. Watu waliyaona machozi, maneno yakawapita. Bibi mmoja aliyekaa mbele ya Rosina akamuuliza mwenzake, anamwambiaje? Mwenzake hakujua. Rosina, hata bila kufikiri, akainama akamwambia yule bibi kwamba mama anamweleza kijana kuwa hakumzaa, alimwokota kisimani akiwa mchanga.

Bibi akashika kichwa. Waliokuwa karibu wakataka nao kuambiwa. Rosina akarudia kwa sauti ya juu kidogo, wa mbele nao wakaomba, akapandisha tena, na kabla rili ya pili ya filamu haijaisha ukumbi mzima ulikuwa ukitazama mbele na kusikiliza nyuma. Filamu ile walikuwa wameiona mara tano au sita, na wengi walidhani yule mama alikuwa akimlilia kijana kwa sababu ya ulevi.

Kesho yake Mzee Zaidi akamwita dukani kwake. Alikuwa mtu mrefu, mtaratibu, ambaye baba yake alipanda kutoka Lindi na mitumba ya vitambaa enzi za Mwingereza akabaki hukuhuku. Mashine ya sinema, jenereta na filamu zenyewe alizinunua Songea kwa mtu aliyekuwa anafunga biashara. Filamu zilikuwa tisa, na nyingine hazikuja tena. Basi zilikuwa zikizunguka, moja Jumamosi na moja Jumapili, na ikifika ya mwisho wanaanza upya. Watu walizipa majina yao wenyewe: ile ya Kisima, ile ya Mapacha, ile ya Hakimu, ile ya Msuka Vikapu.

"Kihindi umekipata wapi, Bi Rosina?" Mzee Zaidi akamuuliza.

Akamweleza. Alizaliwa Liuli, kando ya ziwa, karibu kabisa na hospitali ya misheni. Alipokuwa na miaka kumi na miwili shangazi yake alimpeleka Songea kuwa yaya katika nyumba ya Mhindi mwenye duka la vyombo. Alimlea binti yao, Kusumu, tangu hajaota meno. Nyumbani mle walisema Kigujarati, na kila Jumapili mama wa nyumba aliwachukua wote kwenda kutazama sinema za Kihindi. Mtoto wa umri ule hakuona mpaka kati ya lugha hizo mbili, akazimeza zote. Ikafika mahali anaota kwa maneno yao. Akakaa nao miaka kumi na mmoja. Mwaka 1971 wakauza walichoweza kuuza, wakapanda basi, wakaenda zao. Wengine walisema Bombei, wengine Uingereza. Kusumu alikuwa na miaka kumi. Rosina akabaki barazani mwa nyumba iliyofungwa, na kichwani ana lugha nzima ambayo katika mkoa wote hakubaki hata mtu mmoja wa kumwambia habari za asubuhi kwayo.

Hilo la mwisho hakumwambia Mzee Zaidi. Alimwambia tu kwamba alikaa kwa Wahindi. Na Mzee Zaidi akamwambia kuwa kuanzia wiki ile asikae nyuma. Asimame mbele, pembeni mwa pazia, watu wamsikie.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Filamu ikianza, Rosina alisimama upande wa kushoto wa pazia, khanga mabegani, mkono mmoja ukionyesha nani anasema. Alisubiri maneno yatoke kwenye spika, kisha akayasema kwa Kiswahili upesi kabla mengine hayajaja. Kwa baba mkali alikuwa na sauti nzito, kwa mkwe mchokozi sauti ya puani, kwa mzee anayekufa sauti iliyofanya wanawake wavute khanga machoni. Mazungumzo ya mapenzi aliyasema wima, bila haya na bila madoido, mpaka mapadri wawili watatu wakaulizana ni nani huyo. Wakulima wakamwita Mama Sinema. Sokoni walimwongezea nyanya. Njiani walimsimamisha wamuulize kama yule hakimu alijua tangu mwanzo kuwa mshtakiwa ni mdogo wake.

Wakishajibiwa walikwenda zao. Ndivyo ulivyokuwa umaarufu wake. Mji mzima uliijua sauti ya Rosina, na watu waliokanyaga chumbani kwake walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Alikuwa Mnyasa katikati ya Wamatengo, Mwanglikana katika mji wa Wakatoliki. Kanisani kwao, chumba cha darasa walichokiazima siku za Jumapili, walikutana watu kama ishirini, nusu yao watumishi wa serikali waliohamishwa kila baada ya mwaka. Wanawake wa mtaani walimpenda kwa mbali. Mwanamke anayeweza kulia kilio cha kila mtu, watu hudhani chake hana.

Naye chake alikuwa nacho. Alikuwa ameolewa. Mumewe, Erasmo, Mmatengo wa Mapera, alikuwa dereva wa lori la kahawa. Ndiye aliyemtoa Songea kumleta Mbinga. Walikaa vizuri miaka saba. Mtoto hawakupata. Halafu Erasmo akaanza safari za Makambako, akawa anarudi baada ya wiki mbili, baada ya mwezi, baada ya miezi mitatu, kama maji ya kisima yanavyoshuka kiangazi, huoni siku yanaposhuka. Mwaka 1985 mama yake Rosina akafariki, naye akateremka Liuli kuzika. Aliporudi alikuta chumba kimefungwa. Jirani yake wa mlango wa pili, Kunigunda, mama mjane aliyekuwa akiuza pombe ya kienyeji, akatoka akamkabidhi ufunguo. Erasmo amepita, akasema Kunigunda, na macho akayaelekeza kwingine. Ndani, redio haikuwapo. Godoro nalo halikuwapo. Nguo za Rosina zilikuwa zimekunjwa vizuri na kupangwa juu ya kamba za kitanda.

Neno hakuacha, barua hakuleta. Miezi michache baadaye dereva mwingine, kwa kuteleza ulimi, akamtajia mke wa Erasmo wa Makambako. Rosina akakubali kwa kichwa kama mtu aliyekuwa anajua. Akanunua mkeka. Akatafuta kazi, akapata ile ya kufagia ukumbi. Alipoulizwa habari za mumewe alisema yuko safari, na kwa kuwa alikuwa hajaambiwa vinginevyo na mwenyewe, hakujiona anadanganya.

Zikapita hivyo karibu miaka minne. Ukumbi ulikuwa na watu watatu wa kazi: Mzee Zaidi mlangoni, Rosina mbele, na Othmar, fundi wa mashine, juu katika kijumba cha mbao nyuma ya ukumbi. Othmar alikuwa mtu wa Litumbandyosi, mkimya, aliyejifunza kazi yake kwenye gari la sinema la serikali lililokuwa likizunguka vijijini zamani. Alifika kwa baiskeli, akapanda ngazi yake, akateremka filamu ikiisha, akaaga, akaondoka. Rosina na Othmar waliheshimiana sana, na maneno waliyokuwa wamesemeshana kwa miaka yote ile yangetosha kujaza bahasha moja.

Mwaka 1990, mwezi wa tatu, katikati ya ile ya Mapacha, sauti ikakatika. Picha iliendelea kutembea kwenye pazia, midomo ikifunguka na kufumba bila neno. Othmar akateremka akaeleza kwamba ndani ya mashine mna taa ndogo, ndogo kuliko kidole gumba, inayousoma mstari wa sauti uliochapwa pembeni mwa filamu. Taa hiyo imeungua. Mzee Zaidi akaagiza Songea, haikupatikana. Akaagiza Dar es Salaam kwa mkono wa dereva aliyemwamini, dereva akarudi baada ya wiki tatu na kusema kuwa kila alikouliza wamemcheka, mashine za namna ile siku hizi hakuna anayezitengenezea kitu. Mzee Zaidi akaketi benchi la mbele, mikono magotini, akasema basi afunge.

Rosina akamwambia asifunge. Filamu zote tisa zimo kichwani mwake. "Onyesheni picha," akasema, "nitasema mimi."

Jumamosi iliyofuata ukumbi ulijaa kwa udadisi. Rosina akasimama mahali pake na akawa watu wote: baba na mwana, mwizi na polisi, bibi harusi na mama mkwe. Hakuwa tena na sauti ya mtu mwingine ya kuitangulia yake. Aliitazama midomo ikifunguka akaitia maneno. Zilipofika nyimbo akasita, kwa sababu sauti ya kuimba hakujaliwa. Lakini watu wa Mbinga walikuwa wamezisikia nyimbo zile miaka na miaka. Mtu mmoja akaanza kuguna tuni, wa pili akamfuata, mara ukumbi mzima wakawa wanaguna midomo ikiwa imefumbwa, wanaume na wanawake, na Rosina akayasema maneno ya wimbo polepole juu ya mguno ule. Wazee walioshuhudia wanasema sinema haikuwahi kuwa tamu kama mwaka ule ilipokuwa bubu.

Rosina alirudi chumbani na koo lililokauka, akachemsha chai, na akiwa amekaa na kikombe mkononi ndipo lilipomfikia jambo ambalo katika shughuli zile hakuliwaza. Miaka yote ile, Jumamosi na Jumapili, kulikuwa na mtu aliyesema Kihindi mbele yake. Alikuwa mtu wa kwenye pazia tu, asiyemwona, aliyesema maneno yaleyale kila mwezi; lakini alisema, na Rosina akaelewa. Sasa hata huyo amenyamaza. Akajaribu mwenyewe. Akayatamka yale maneno ambayo mama wa Kusumu aliyatumia asubuhi kuwaita watoto waje kunywa maziwa. Yalitoka yamechakaa, kama ya mtu anayesoma asichokielewa. Akarudia mara mbili tatu, kisha akaona haya, akaacha.

Mwaka uliofuata, 1991, mwezi wa sita, baba yake Erasmo akafariki huko Mapera. Habari zilifika mjini, na Rosina akazipata kwa Kunigunda. Alimpenda yule mzee. Akawaza aende msibani, akawaza atakwenda kama nani, akakaa. Akawapa akina mama waliokuwa wakipanda huko kilo mbili za mchele.

Wiki ikapita. Jumapili ikawa zamu ya ile ya Msuka Vikapu.

Hadithi ya filamu hiyo ni fupi. Mwanamke wa kijijini anasuka vikapu, mumewe anapanda treni kwenda mjini kutafuta maisha. Huko anapata mali, anapata mwanamke, anasahau. Mke anasuka na kungoja, anasuka na kungoja, mpaka macho yanaingia ukungu na vidole vinasuka vyenyewe. Mwisho mume anafilisika, anarudi kwa miguu, anapiga magoti mlangoni na kusema: nisamehe, kipofu ni mimi, si wewe. Mke anamsamehe, wanakumbatiana, picha inaisha. Ilikuwa filamu waliyoipenda kuliko zote. Katika kule kukumbatiana watu walikuwa na desturi ya kupiga makofi.

Rosina aliifikisha mpaka rili ya tatu bila tatizo. Kuna mahali hapo jua linawaka juu ya mto, pazia linakuwa jeupe kabisa, na mwanga unarudi kuwamulika waliokaa mbele. Katika mwanga huo akamwona Erasmo. Alikuwa benchi la tatu, kofia ameiweka gotini, amenenepa kidogo, nywele za pembeni zimeanza mvi. Kulia kwake alikaa mwanamke mwenye kitambaa cheusi cha msiba. Kati yao watoto wawili, mdogo amelala.

Erasmo alikuwa akimtazama. Hakuonekana kutazama picha hata kidogo.

Rosina akaendelea kusema. Alisema sehemu ya mjini, alisema ya barua inayochanwa, alisema ya tabibu anayeyakagua macho. Sauti yake ilikuwa ileile, hata Kunigunda, aliyekuwa benchi la nyuma, alieleza baadaye kwamba hakuhisi lolote. Kisha mume wa kwenye filamu akatokea njiani, mavumbi hadi magotini. Akafika mlangoni. Akapiga magoti. Akafungua mdomo.

Rosina hakusema kitu.

Midomo ya yule mume ilikwenda, ikaenda, na ukumbi ukangoja. Wengi walidhani Rosina amepaliwa. Mtu akakohoa. Hatimaye Rosina akasema, kwa sauti ya kawaida, isiyo nzito wala ya puani, sauti yake mwenyewe:

"Sikuja kwa ajili yako. Nilikuja msibani. Siku ile nilipita nikijua hupo. Nikachukua redio na godoro, ufunguo nikampa jirani. Nguo zako nilizikunja. Kama ningekukuta ndani, nisingeweza kuondoka, ndiyo maana nilingoja uende kuzika."

Ukumbi ukatulia tuli. Katika filamu ile hakukuwa na msiba wala redio. Lakini Mbinga ni mji mdogo, na mmoja baada ya mwingine waliokuwa wanamjua Erasmo wakaelewa. Kunigunda akajiziba mdomo kwa kiganja.

Kwenye pazia mke akageuza uso wake wa upofu kuelekea mlangoni, na midomo yake ikaanza kujibu. Lilikuwa jibu refu. Rosina alilijua neno kwa neno. Akalipunguza.

"Ufunguo niliupata," akasema. "Nenda salama."

Wale wawili wakakumbatiana. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee mmoja wa Mapera, mgumu wa masikio na mwenye kupenda mambo yaeleweke, akauliza kwa sauti mbona sasa wanakumbatiana.

"Wanaagana," Rosina akamjibu.

Picha ikaisha, madirisha yakafunguliwa, jua la saa kumi na moja likaingia. Watu walitoka bila kelele zao za kawaida. Erasmo alimbeba mtoto aliyelala, akatoka kwa mlango wa ubavuni, na Rosina akachukua ufagio akaanza kazi kutokea mbele.

Jumatatu asubuhi, akiwa anafuta mabenchi, yule mwanamke wa kitambaa cheusi akasimama mlangoni. Akasalimia kwa adabu, akasema anaitwa Tadea, wa Makambako. Rosina akamkaribisha benchi. Wakakaa wakitazama pazia lisilo na kitu. Tadea alikuwa mdogo kuliko alivyoonekana gizani. Akasema usiku hakulala, akamuuliza mumewe yule mama ni nani, akafichwa, akauliza tena.

"Aliniambia mke wake wa kwanza alifariki," akasema. "Alisema alikuzika Liuli."

 Rosina akamwambia kwamba Liuli alizikwa mama yake, labda Erasmo alichanganya. Tadea akamtazama kuona kama ni kejeli, akaona si kejeli, akaanza kulia. Rosina akamngoja amalize. Kisha akamuuliza majina ya watoto, akaambiwa. Akamuuliza kama mdogo anapona kikohozi, maana alimsikia akikohoa usingizini, akamshauri ampe asali ya nyuki wadogo kabla ya safari, baridi ya huku ni mbaya kwa watoto wasioizoea. Walipoagana Tadea alipiga goti kidogo, kama anavyopigiwa mkubwa. Jumanne wakapanda lori wakaondoka. Erasmo mwenyewe hakuja.

Watu walidhani Rosina sasa atakuwa amepata nafuu, na wengine walimwambia hivyo. Kunigunda alimletea chungu cha maharage, akakaa naye saa nzima bila kuzungumza, jambo ambalo katika ujirani wao wote halikuwahi kutokea. Lakini Rosina hakuona nafuu. Zamani, akirudi chumbani, alikuwa akiweka kitu kizuri pembeni: habari ya kuchekesha, neno alilolisikia sokoni, alitunze mpaka siku atakapolisimulia. Hakujua kuwa alikuwa na mazoea hayo mpaka yalipokoma. Kungoja nako kulikuwa mwenzake wa kukaa naye, na sasa ameondoka kwa lori lilelile. Akawa analala mapema.

Mwezi uliofuata, ile ya Msuka Vikapu ilipozunguka, Mzee Zaidi alimwomba kwa upole aiseme kama ilivyo. Aliisema kama ilivyo. Mume akaomba msamaha, mke akasamehe, na watu wakapiga makofi, ingawa wachache, na makofi yenyewe yalikuwa ya kuchungulia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa milango. Kila lori lililopanda kutoka Makambako lilibeba kitu ambacho Mbinga haikuwahi kukiona: mitumba, sabuni za kunukia, redio zenye taa. Mwaka 1992 Ilyasi, mpwa wa Mzee Zaidi mwenyewe, akafungua kibanda cha video nyuma ya soko. Alikuwa na televisheni moja, deki moja na kanda za ngumi na mateke kutoka nchi za mbali, kila wiki mpya. Ngumi haihitaji mfasiri. Vijana wote wakahamia huko, kisha baba zao. Ilyasi, kwa heshima, alimwalika Rosina aje aseme katika kibanda. Alikwenda mara moja. Akasimama kando ya televisheni, akakuta watu wanamwomba asogee, anawaziba.

Ukumbini walibaki wazee. Walikaa wametawanyika, huyu hapa na yule kule, na mguno wao wakati wa nyimbo ulikuwa mwembamba kiasi kwamba jenereta la nje liliumeza. Filamu zenyewe zilikuwa zimechoka. Ile ya Hakimu ilikatika mara nyingi hata kesi ikawa inaamuliwa kabla ya kufunguliwa. Mwaka 1994 wanunuzi binafsi wa kahawa wakaruhusiwa kuingia wilayani, wakawa wanatafuta maghala kwa udi na uvumba, na mmoja wao akautaka ukumbi. Mzee Zaidi alikuwa mgonjwa wa miguu, na hakuwa na mtu wa kumweka mlangoni badala yake. Akakubali. Alimwita Rosina nyumbani kumweleza, akamwomba radhi kama anayemwomba ndugu.

Onyesho la mwisho lilihudhuriwa na watu saba. Ilikuwa ile ya Mapacha. Rosina aliisema yote.

Jumatatu vibarua wa mnunuzi wakaanza kutoa mabenchi na kuingiza mizani. Othmar alishinda akifungua mashine, akaipanga vipandevipande ndani ya masanduku, akateremka kijumba chake kwa mara ya mwisho. Akamkuta Rosina ameketi kwenye ngazi ya mlango wa mbele, akaketi naye, ngazi moja chini yake. Lori la Litumbandyosi lilikuwa bado linapakia sokoni. Wakawatazama wale watu wakipita na magunia. Othmar akasema:

"Dada Rosina, ile siku wanayosema ukumbi ulinyamaza, uliwaambia nini?"

Rosina akamtazama. "Hukusikia?"

"Mashine inanguruma," akasema. "Mle ndani husikii kitu. Miaka minane sijakusikia hata neno. Nakuona mikono tu, kwenye kitundu. Siku ile niliona mikono imesimama, nikadhani filamu imekatika, nikaikagua, nikaona nzima. Nikasema, basi, kuna jambo."

Akaongeza kwamba watu walikuwa wakimwambia yeye ana bahati, anasikia sinema bure kila wiki, naye aliona aibu kuwaambia ukweli. Akamwomba, kama hajachoka, amsimulie moja, yoyote.

Rosina akajiweka sawa. Akaanza ile ya Msuka Vikapu, tangu mwanzo, mwanamke wa kijijini na mumewe wanaelekea stesheni ya treni. Sauti ikatoka kubwa, vibarua wakageuka. Akaishusha, ikawa ndogo mno, Othmar akainamisha kichwa ili asikie. Akajaribu katikati. Kwa miaka minane alikuwa amesema na watu mia gizani. Mtu mmoja, mchana, anayemtazama usoni na kungoja, hakujua amwambieje. Alisimulia kwa kukwamakwama, akiruka, akirudi nyuma kurekebisha. Othmar hakumharakisha. Walifika mahali mke anasuka kikapu cha kwanza peke yake, na lori likapiga honi.

Othmar akasimama, akapangusa suruali. Akasema siku moja atakuja kusikia iliyobaki. Rosina akamwambia karibu. Akamsaidia kushika sanduku upande mmoja mpaka barabarani, akasimama mpaka lori lilipopinda kona.

Othmar hakupata kuja tena Mbinga kwa kazi, na Rosina naye hakukaa. Alimwachia Kunigunda mkeka na sufuria, akapanda gari la Jumatano la kuteremka ziwani. Joto lilianza kumpata njiani, akavua koti. Alifika Liuli jua limeshuka nyuma ya milima ya ng'ambo, akamkuta dada yake mkubwa, Asteria, anaanua muhogo kwenye mawe. Asteria akampokea mzigo, akamsalimu kwa Kinyasa, akasema amekonda. Wakala ugali na mbasa wa kuchoma. Asteria alikuwa na habari nyingi, waliokufa, waliooa, waliogombania shamba la marehemu mama, na alizisimulia zote bila kuuliza swali hata moja. Rosina, na ya kwake bado kifuani, alisikiliza mpaka samaki akapoa.